Magurudumu ya Majivuno

Kila chombo kilichoundwa kwa akili kina kipimo chake. Jembe likizidi uzito humchosha mkulima kabla ya shamba kwisha, na tanga likizidi ukubwa wa chombo humzamisha baharia badala ya kumfikisha bandarini. Nahodha mwenye busara hafungi tanga la jahazi juu ya mlingoti wa ngalawa, hata kama tanga hilo ni jipya na watu wa ufuoni wamelisifu. Mambo haya yalijulikana tangu zamani, na hapana aliyeyabishia. Lakini siku hizi wako watu, tena watu wenye mali na elimu, ambao hufanya juu ya barabara jambo ambalo nahodha asiyejua kusoma asingelifanya baharini. Nakusudia, msomaji, kubishana nao mbele yako, nawe uwe hakimu.

Watu ninaowasema ni wenye magari makubwa ya jamii ya Land Cruiser na mengine yanayofanana nayo. Mtu hununua gari lililopimwa na wahandisi kwa miaka mingi, akaona kwamba halikutosha. Hulipeleka gereji, akavua matairi ya kiwandani na kuvika makubwa kupita kiasi. Matairi hayo yanapogusa madigadi au vyuma vya ndani, fundi hukata kinachozuia, kisha hutia kati ya habu na rimu kipande kinene cha aluminiamu ambacho mafundi hukiita spesa, ili gurudumu lisogee nje. Mara nyingine hubadilisha springi pia, na gari likapanda juu zaidi. Mwenye gari hutoka gerejini ameinua shingo. Watoto humtazama kwa mshangao, vijana hulipiga gari picha, na wewe pengine umesimama kando ya njia ukisema moyoni mwako, "Laiti lingekuwa langu!" Ndiyo sababu nakuandikia wewe, wala si yeye. Yeye amekwisha kulipa. Wewe bado unachagua.

Chukua kalamu, tufanye hesabu pamoja, kwa maana hesabu haina upendeleo. Land Cruiser ya namba 200, iliyoanza kuundwa mwaka 2007, ilitoka kiwandani mara nyingi na tairi lenye maandishi 285/60R18. Maana yake ni hii: upana wa tairi ni milimita 285, kimo cha ubavu wake ni asilimia 60 ya upana huo, yaani milimita 171, na rimu ina inchi 18, yaani milimita 457. Jumlisha ubavu wa juu, ubavu wa chini na rimu, utapata kipenyo cha milimita 799. Sasa vua tairi hilo uvike lile linalopendwa na wenye majivuno, la inchi 35. Kipenyo chake ni milimita 889. Tofauti ni milimita 90, nayo ni zaidi ya asilimia 11.

Asilimia 11 huonekana kitu kidogo, lakini fikiri. Mita ya mwendo haioni barabara. Huhesabu tu mizunguko ya gurudumu. Gurudumu likiwa kubwa, kila mzunguko hula njia ndefu zaidi, na mita haina habari. Mita iliyokuwa ikisema kweli ikionyesha kilomita 100 kwa saa, sasa huonyesha 100 ilhali gari linakwenda 111. Dereva akijiona ameheshimu sheria kwa kukaa kwenye 110, kwa hakika anakwenda 122. Kanuni ya 39 ya Umoja wa Mataifa juu ya mita za mwendo husema kwamba mita isitaje kamwe mwendo ulio chini ya mwendo wa kweli, na kwa sababu hiyo viwanda huacha akiba kidogo: mita husema zaidi kuliko ilivyo. Mwenye matairi makubwa hula akiba hiyo yote, kisha huingia katika deni. Ziko njia za kuisahihisha mita, lakini ni wangapi wanaozitumia baada ya kumaliza fedha zao kwenye matairi?

Tuendelee na breki. Breki hukamata sahani iliyo katikati ya gurudumu, lakini kazi yake huonekana ukingoni, pale tairi linapogusa lami. Kadiri ukingo unavyokuwa mbali na katikati, ndivyo nguvu inavyopungua, kama vile mlango unavyokuwa mgumu kwa anayejaribu kuusukuma karibu na bawaba. Tairi likikua kwa asilimia 11 na breki zikabaki zilezile, basi kwa mkanyago uleule nguvu ya kusimamisha gari hupungua kwa kiasi cha asilimia 10. Dereva atajibu kwamba atakanyaga zaidi. Naam, ataweza, njia ikiwa tupu na akili yake ikiwa tulivu. Lakini mtu anapokatiza barabara ghafla, mguu haufikiri, hufuata mazoea. Tena gari lenye uzito unaozidi kilo 2,500 likienda kilomita 122 badala ya 110, nguvu iliyomo ndani ya mwendo wake huzidi kwa karibu robo nzima, maana nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo. Mwendo umeongezeka pasipo dereva kujua, na breki zimedhoofika pasipo dereva kujua. Hasara mbili zimekutana katika chombo kimoja, na mwenyewe anapiga muziki.

Sasa tuje kwenye spesa, ambayo kwangu mimi ndiyo hila mbaya kuliko zote, kwa sababu haionekani. Jaza ndoo maji, uishike karibu na kifua. Utaweza kusimama nayo kitambo. Kisha nyoosha mkono, uishike ndoo ileile mbali na mwili. Maji hayakuongezeka hata tone moja, lakini bega litakulilia upesi. Beringi ya gurudumu ni bega la gari. Mhandisi aliipanga ili uzito upite karibu nayo. Spesa ya milimita 30 huuhamisha uzito huo nje kwa milimita 30, na tairi kubwa lenye uzito wake huongeza mateso. Beringi huchoka mapema, viungo vya usukani huchakaa, na usukani hupigana na mikono ya dereva kila tairi linapoingia shimoni, kwa kuwa gurudumu sasa lina mkono mrefu wa kuuvutia.

Spesa zenyewe ni za namna mbili. Ya kwanza ni sahani tupu yenye matundu, inayopachikwa juu ya bolti za habu. Unene wake hula urefu wa bolti, na nati hubaki imeshika nyuzi chache. Desturi njema ya mafundi wa vyuma ni kwamba nati ishike bolti kwa urefu usiopungua unene wa bolti yenyewe. Bolti ya milimita 14 ishikwe kwa milimita 14 au zaidi. Sahani ikiwa nene, kipimo hiki hupotea, na gari zima huning'inia juu ya nyuzi chache. Namna ya pili ni bora kuliko ya kwanza: hufungwa kwenye habu kwa nati zake, kisha gurudumu hufungwa kwenye spesa kwa nati nyingine. Lakini hesabu tena. Gari lililokuwa na nati 20 katika magurudumu manne sasa lina 40, na 20 kati ya hizo zimefichwa nyuma ya rimu. Nati ya gurudumu huweza kulegea baada ya kufungwa, na ndiyo sababu mafundi husema ikazwe tena baada ya safari fupi. Nani atakayevua magurudumu yote manne ili akaze nati asizoziona? Leo atasema kesho. Na wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

Sitaki kushinda kwa dhuluma, kwa hiyo nitasema ukweli unaowafaa wapinzani wangu. Ziko spesa zilizochongwa kwa ustadi, zinazokaa sawasawa juu ya kitovu cha habu, ambazo zimefungwa kwa kipimo na kukaguliwa, na zikadumu miaka mingi. Katika Ujerumani spesa si haramu. Lakini huko sharti iwe na hati ya kuthibitisha kwamba imepimwa na kwamba yafaa kwa gari lile, na aghalabu mkaguzi hulitazama gari baada ya kazi. Katika Australia kanuni ya taifa ya ubadilishaji wa magari, iitwayo VSB 14, imeweka mpaka kwa matairi ya magari ya njia mbaya: kipenyo kisizidi kile cha kiwandani kwa zaidi ya milimita 50. Yule mheshimiwa wetu amezidisha milimita 90. Nchi hizo si maskini wa barabara wala wa magari. Zimejifunza tu kwamba mabadiliko yasiyokaguliwa ni bahati nasibu, na kwamba anayelipa dau mara nyingi siye anayecheza.

Wapinzani wangu watasema, "Barabara zetu ni mbaya, matairi makubwa ni ya lazima." Hoja hii ingekuwa na uzito kama ingetoka kinywani mwa wanaozijua barabara mbaya. Nenda Lodwar, nenda Marsabit, uyatazame magari yanayobeba wagonjwa, chanjo na askari wa wanyama katika mawe na mchanga. Utaona Land Cruiser za namba 70, nyingi zikienda juu ya matairi membamba ya 7.50R16, ambayo kimo chake karibu ni sawa na yale ya kiwandani niliyoyapima hapo juu. Hayana spesa wala fahari. Yamejaa vumbi, nayo hufika. Mahali palipo na mchanga, dereva mzoefu hupunguza upepo wa tairi ili likae pana juu ya ardhi, kisha huujaza tena anaporudi njia ngumu. Ujuzi huo hauna gharama ya gereji. Lakini gari la inchi 35 utalikuta wapi? Utalikuta Nairobi, limeegeshwa mbele ya duka kubwa, na safari yake ngumu ya wiki nzima ni kuvuka tuta la kupunguzia mwendo.

Sikatai kwamba matairi makubwa yana kazi yake. Katika Iceland magari hutembea juu ya theluji kwa matairi makubwa mno yaliyopunguzwa upepo. Lakini mafundi wa huko hubadilisha pia gia za difu, hupanua bodi, na hulitengeneza gari upya kwa kazi hiyo. Hapa kwetu yako mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 ili kupata fedha za kuzungushia msitu wa Aberdare ua. Ua huo wenye urefu wa kiasi cha kilomita 400 ulikamilika mwaka 2009. Magari ya mashindano hayo hupanda majabali, matairi yao yanatisha, wala sina neno juu yao. Huenda polepole, ndani yamejengewa vyuma vya kumlinda dereva, yapo mahali palipotengwa, na kila aliyeko pale amekuja kwa hiari yake. Mama anayevuka barabara ya Thika na kapu lake la mboga hakujiandikisha katika mashindano yoyote.

Wengine watasema kwamba spesa huongeza usalama, kwa kuwa huipanua miguu ya gari lisipinduke. Hoja hii ni ya werevu, nayo inastahili kujibiwa kwa namba. Wakuu wa usalama wa barabara nchini Marekani, katika kupima hatari ya gari kupinduka, huchukua nusu ya upana uliopo kati ya magurudumu, wakaugawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito. Namba ikiwa kubwa, gari ni imara zaidi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba gari lina upana wa milimita 1,640 na kitovu cha uzito kilicho milimita 800 juu ya ardhi. Nusu ya upana ni 820. Gawanya kwa 800, utapata 1.03 kwa kukadiria. Tia spesa za milimita 30: nusu ya upana yawa 850. Lakini matairi yamekiinua kitovu kwa milimita 45, nacho sasa ni 845. Gawanya, utapata 1.01. Ongeza springi ndefu zinazokiinua kwa milimita 40 zaidi, utapata 0.96. Basi spesa imelipa sehemu ya deni tu, tena kwa fedha iliyoibwa kwenye beringi. Kama uimara ndio uliotafutwa, njia ya karibu ilikuwa kuliacha gari kama lilivyokuja.

Imebaki hoja moja, nayo ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote: "Gari ni langu, fedha ni zangu." Ni kweli, gari ni lako. Lakini barabara si yako. Katika kila mwaka tangu 2021 hadi 2024, watu zaidi ya 4,000 walikufa katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko mengine yote lilikuwa la wanaokwenda kwa miguu. Katika mwaka 2023 taasisi ya bima ya usalama wa barabara ya Marekani ilitangaza uchunguzi wa ajali zilizowapata waenda kwa miguu karibu 18,000. Ilionekana kwamba magari ambayo boneti zake zimezidi sentimita 102 kutoka ardhini yalikuwa na uwezekano wa kuua ulio mkubwa kwa kiasi cha asilimia 45 kuliko magari yenye boneti fupi iliyoinama. Sababu si fumbo. Boneti fupi humpiga mtu miguuni. Boneti ndefu humpiga kifuani na kichwani. Sasa fikiri juu ya mtoto wa miaka 6, ambaye kimo chake ni kama sentimita 115, anayesubiri kuvuka aende shule. Kila sentimita ambayo mwenye gari ameinunua kwa ajili ya fahari humficha mtoto huyo kidogo zaidi machoni pa dereva. Mtoto hakuulizwa. Hakuonyeshwa bei. Yeye si mwenye gari, wala hatapigwa picha kando yake. Fungu lake katika biashara hii ni hatari peke yake.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, msomaji. Mtu akipenda kuvaa kofia kubwa kupita kichwa chake, tutacheka na kupita. Akipenda kujenga nyumba yenye mnara, na ajenge. Lakini majivuno yanayobebwa na mwili wa mtu mwingine si pambo, ni dhuluma. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na uzuri wa gari hili ndani yake una mita isemayo uongo, breki zilizopungukiwa, nati zisizoonekana na beringi inayolia. Hata mwenye bima anaweza kujikuta hana bima, kwa maana kampuni hutaka kuambiwa mabadiliko yote yaliyofanywa kwenye gari, na wengi hunyamaza.

Fundi naye asijifiche nyuma ya mteja. Husema, "Nisipofunga mimi, atafunga mwingine." Maneno haya yangekubaliwa, hapana daktari ambaye angelaumiwa kwa kutoa sumu, wala mjenzi kwa kuinua ghorofa juu ya mchanga. Fundi anajua asichokijua mteja. Ujuzi huo ndio unaompa mshahara, na ndio unaompa pia wajibu wa kukataa. Akiombwa kazi hii, na aulize mambo matatu: je, tairi hili limo katika vipimo ambavyo mtengenezaji wa gari ameviruhusu? Je, mita na breki zitasahihishwa kulingana nalo? Je, nani atakayekagua kazi hii, na lini? Jibu likikosekana katika hata swali moja, spana irudi sandukuni.

Wewe unayesoma leo darasani utakuwa dereva kesho, au fundi, au mhandisi, au mtu wa kutunga sheria. Sheria ninayoitaka ni nyepesi: anayebadilisha magurudumu ya gari kupita vipimo vya kiwandani alilete likaguliwe kabla halijarudi barabarani, kama vile magari ya abiria na ya biashara yanavyotakiwa kukaguliwa kila mwaka. Lakini hata kabla ya sheria hiyo kuja, wewe unaweza kutenda jambo moja. Gari la namna hii likipita mbele yako, usilipe sifa linazozitafuta. Tazama magurudumu yake, kumbuka milimita 90 na nati 20 zilizofichwa, kisha tazama upande wa pili wa barabara uone ni nani anayengojea kuvuka.